Kidole Begani

Shemeji yangu alikuwa na maneno mawili tu ya kumpa mtu: ya kweli, au bandia. Alianza kuyatumia kwa silaha, akaendelea nayo kwa binadamu. Nilipomaliza chuo alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema mbele ya wageni wangu, "Cheti cha kweli, kichwa bandia." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mtu mzima akikutania mbele za watu utafanya nini. Lakini sikusahau, na sina mpango wa kusahau.

Alikuwa daktari wa meno, sasa amestaafu, na kwenye Chama cha Silaha za Kale wote walimwita Daktari tu, utadhani duniani hakuna mwingine. Chama chenyewe ni watu wazima wenye nafasi zao, wanaokusanya mapanga, mikuki, majambia, ngao, pinde na marungu ya watu wa zamani, na wanavitazama kwa mapenzi ambayo wake zao hawajayaona tangu harusini. Mara moja kwa mwaka wanakutana. Kila mmoja analeta kitu kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, vitambaa vyote sawasawa, ili isijulikane kipi ni cha nani. Jaji anafungua, anashika, anatazama, kisha anatoa neno lake, na neno lake halina rufaa. Kitu kikiwa cha kweli kinawekwa kwenye meza ndefu watu wakifaidi kwa macho. Kikiwa bandia kinakatwa vipande viwili papo hapo, kisije kikamdanganya mwingine. Halafu mwenyewe anasimama, anapokea vipande vyake kutoka mkononi mwa jaji, na anasema asante. Hiyo asante ndiyo iliyoniudhi siku zote. Ukimchapa mtu, mwache basi anune.

Baba yetu aliwahi kuisema. Baba hakuwa mkusanyaji. Alikuwa fundi saa, mtu mpole asiyependa makuu, na alikuwa na kisu kimoja tu, kirefu kidogo, chenye mpini wa pembe, alichoachiwa na babu yake. Dada alipoolewa na Daktari, Baba aliona ajiunge na Chama ili apate la kuzungumza na mkwewe. Akanunua koti. Akapeleka kisu. Mwaka ule Daktari ndiyo kwanza amekalia kiti cha ujaji, na watu walikuwa wakinong'ona kwamba ni kijana mno, kwamba atabeba jamaa zake. Akakishika kisu cha Baba, akakigeuzageuza, akasema: bandia. Kikakatwa. Baba akasimama na koti lake jipya, akapokea vipande, akasema asante, akavifunga kwenye leso. Hakwenda tena kule, na kabla mwaka haujageuka tukamzika. Sisemi kisu ndicho kilichomuua, moyo wake ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Ninachosema ni kwamba alikufa akiamini babu yake alimwachia uongo.

Dada alilia wiki nzima, kisha akaanza kumtetea mumewe. "Angefanyaje?" aliniambia. "Bandia ni bandia, hata iwe ya baba. Unataka aseme uongo kwa ajili yetu?" Akaishi na neno hilo, akazaa nalo, akalea nalo watoto mpaka wakaondoka nyumbani. Nilikuwa nikimwona anavyolishikilia, nikanyamaza. Ndoa ya mtu ni jikoni kwake, huingii bila hodi.

Sasa, macho. Daktari alipata presha ya macho na akachelewa kwenda hospitali, kwa sababu madaktari ndio wagonjwa wabaya kuliko wote. Mwanzoni aliona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Halafu bomba nalo likaziba, akabaki na mwanga na kivuli basi. Tuliojua tulikuwa watatu: yeye, Dada na mimi. Ukimkuta amekaa utaapa anakuona, macho maangavu, uso kakuelekezea wewe. Akitembea Dada humshika kiwiko, na wanachama wakasema tazama mapenzi ya uzeeni. Mimi nikawa dereva wao, eti kwa sababu mgongo wa Daktari unasumbua.

Alificha kwa sababu ya kiti. Mwaka huu Chama kilikuwa kimekubaliana kumfanya Jaji wa Maisha, jambo lisilowahi kutokea. Akishakaa kwenye kiti hicho hakuna wa kumwondoa, picha yake inapanda ukutani, na chini ya picha unatundikwa upanga wake mwenyewe. Upanga huo alikuwa nao miaka mingi na hakuwahi kumwonyesha mwanachama yeyote. Alikuwa akiungoja wakati wake. Kwa hiyo ilimbidi avuke siku moja tu ya kuhukumu, mbele ya watu, bila mtu kujua kwamba jaji haoni.

Nyumbani asingehitaji msaada. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyetafuta matundu ya meno gizani maisha yake yote. Alipitisha ukucha kwenye chuma na kukupa ukoo wake. Lakini kwenye mkutano hakuna kugusa chuma cha kale kwa mkono mtupu, jasho linaleta kutu, kwa hiyo jaji anavaa glavu nyeupe za pamba. Kwa glavu zile vidole vyake vilikuwa kama mtu anayempapasa mtoto juu ya blanketi. Ndipo akamfundisha Dada. Jioni baada ya jioni walikaa sebuleni, silaha zimejaa kwenye makochi, naye akimuuliza: rangi gani? Ile kutu ya kahawia iliyotulia na kulainika wao wanaiita ngozi, na ngozi haiji ila kwa miaka mingi. Kutu nyekundu yenye vitundu ni ya tindikali, imepakwa juzi. Mistari ya tupa ikikaa sambamba kama ya daftari, hiyo ni mashine. Dada akashika haraka kuliko alivyotegemea. Wakakubaliana kwamba siku ya mkutano atasimama nyuma ya kiti chake na sinia la pamba na mafuta, mkono mmoja kwenye egemeo, kidole gumba kikigusa bega la mumewe. Akibonyeza mara moja ni ya kweli. Mara mbili ni bandia.

"Ukikosea umeniua," alimwambia.

"Sitakosea," Dada akasema. Nilikuwepo, na alimaanisha.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, ghorofani juu ya duka la magodoro, madirisha makubwa, jua tele. Mbele kabisa waliweka kiti cha Jaji wa Maisha, kikubwa, kimefunikwa kitambaa chekundu. Meza ya jaji ilikuwa upande wa chini karibu na mlango, na ile meza ndefu ya vitu vya kweli ikakata ukumbi katikati. Kwenye kona walimweka fundi wa kuchomelea na mashine yake ya kukatia, jiliwa ya kubania chuma, na ufagio wake wa kufagilia vumbi la chuma. Pembeni kulikuwa na meza ya pili, ya Makamu. Jaji hawezi kuhukumu cha kwake, kwa hiyo kitu chake na vingine vichache hupelekwa kwa Makamu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo na heshima kubwa. Dada mwenyewe ndiye aliyeufunga upanga wa Daktari na kuupeleka kwenye meza ile.

Kabla ya kuanza kulikuwa na chai. Daktari alikaa dirishani akizungumza na mwanachama mpya, mfamasia, aliyekuwa na wasiwasi kwa sababu ameleta mkuki wake wa kwanza. Dada akatoka jikoni na kikombe cha mumewe, mimi nyuma yake na sahani ya biskuti. Dada huvaa viatu vya raba, miguu inamvimba. Daktari hakutusikia.

"Samahani kukuuliza, Daktari," mfamasia alikuwa akisema. "Ilikuwaje wakakuamini ukiwa bado kijana?"

Shemeji akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nilimkata baba mkwe wangu."

"Ulimkata?"

"Kisu chake, bwana. Pale mezani, watu wote wanaangalia. Toka siku ile hakuna aliyefungua mdomo."

"Kwani kilikuwa bandia sana?"

"Bandia wapi! Kile kisu kilikuwa cha kweli kabisa. Mpaka leo sijashika kingine kama kile." Akashusha sauti kidogo, lakini si sana. "Ndiyo maana ikabidi. Ningesema cha kweli, wangesema nimembeba mzee. Na mzee mwenyewe hajui hili wala lile, alikuwa mtu wa saa zake. Nikuambie siri ya kazi hii, kijana? Ukitaka kuaminiwa, anza kukata cha kwenu."

Dada alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, kikombe mkononi. Mfamasia akamwona. Akadhani hiki ni kisa cha familia ambacho mke anakijua na kukicheka, maana nani angesema maneno kama hayo mbele ya mkewe? Akamtabasamia. Dada naye akamtabasamia.

"Chai yako, Daktari."

Shemeji akashtuka. "Ah, mama watoto. Umekuja sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Haya." Nilimwona mabega yanashuka. "Sukari umeweka?"

"Nimeweka."

Tukarudi jikoni. Nilitaka kumshika, akasema, "Usiniguse," bila ukali, kama mtu mwenye jipu. Akafungua bomba, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilitaka kutoka nikammwagie yule mzee birika zima la chai kichwani, na hata leo sioni kwamba lingekuwa kosa.

"Alijua," nikasema.

"Nimesikia."

"Dada, Baba alisema asante."

"Nimesikia, nimekuambia. Kausha hivi." Akanipa kitambaa, akatoka.

Nilimfuata hadi mlangoni. Wanachama walikuwa bado wanakunywa chai na kucheka kwa sauti zile za wanaume walioshiba. Dada akapita kati yao, akanyoosha kitambaa cha meza ya Makamu kama mke mwema anayependa usafi, na aliponyanyuka alikuwa na furushi refu mkononi. Aliufahamu ule upanga kwa fundo alilofunga mwenyewe. Akaupeleka kwenye meza ya jaji, akauingiza chini ya mengine. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke akipanga meza haonekani, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona katika kazi hiyo.

Mwenyekiti akagonga meza, watu wakakaa. Daktari akavaa glavu. Dada akasimama nyuma yake na sinia, kidole gumba begani.

Lazima niseme ukweli: sijawahi kumwona Dada akifanya kazi vizuri namna ile. Furushi la kwanza lilikuwa rungu. Kidole mara moja. "La kweli," akasema Daktari, akaongeza maneno matamu kuhusu aliyelichonga. Ngao, mara moja. Jambia lenye vito vya rangi, mara mbili, na kwa haki, hata mimi niliona gundi. Likakatwa, mwenye jambia, mwenye hoteli mnene, akaja kulipokea akisema asante huku shingo imemvimba. Mkuki wa mfamasia, mara moja. Yule kijana karibu alie kwa furaha.

Halafu Daktari akanyoosha mkono, akavuta furushi refu.

Alifungua fundo. Akauchomoa upanga kwenye ala yake, taratibu. Ulikuwa mzuri, nitasema hata kama sivipendi vitu hivyo: mwembamba kiunoni, mpana kuelekea ncha, ngozi yake ya kahawia imetulia pande zote. Wanachama wakanyoosha shingo. Daktari akaupima juu ya kiganja, mbele kidogo, nyuma kidogo. Akaunusa. Kipaji cha uso kikakunjamana, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake, mashaka. Akageuza kichwa kidogo kuelekea begani kwake.

Kidole cha Dada kikabonyeza mara mbili.

Daktari akaupapasa tena mpini kwa yale magunia ya pamba. Akangoja. Naye Dada akambonyeza tena, moja, mbili, polepole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Basi uso wa Daktari ukafunguka. Alikuwa amepata jibu. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mtu hahitaji adui akiwa na majivuno ya kumtosha.

"Ndugu zangu," akasema, "leo mtaniwia radhi, nitasema maneno mawili matatu. Huu upanga umenishtua. Umenishtua kwa sababu ninao kama huu. Uzito ni ule ule. Kiuno ni kile kile. Nikiushika hivi, mkono wangu unaniambia ni wangu. Hata karafuu unanukia! Mimi ndiye niliyewafundisha wote hapa kupaka mafuta ya karafuu, basi na mwizi naye alihudhuria somo." Watu wakacheka. "Sijui aliuona wapi wa kwangu. Labda alikuja nyumbani kama mgeni, akala chakula changu, akachukua vipimo. Ameiga kila kitu. Lakini kuiga ni kuiga. Chuma hiki hakina roho. Wa kweli mtauona leo hii, kwenye meza ya Makamu, mlinganishe wenyewe. Huu ni bandia, na ni bandia mbaya kuliko zote, kwa sababu unamwigiza mtu aliye hai. Kata."

Fundi akaubana kwenye jiliwa. Mashine ikaanza kulia, cheche zikaruka mpaka kwenye viatu vya waliokaa mbele. Chuma cha kale hakikatiki haraka. Daktari alisikiliza akitabasamu, kichwa kaegemeza. Mimi nilimtazama Dada, na Dada alikuwa akiutazama upanga. Vipande vikaanguka, fundi akavifuta, akavileta.

"Mwenyewe asimame," akasema Daktari.

Hakuna aliyesimama. Wanachama wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

"Simama, bwana, usituchoshe. Uliweza kuiga, utashindwa kusimama?" Akageuza kichwa pembeni. "Haya, Makamu, tusipoteze wakati. Hebu fungua wa kwangu, waone tofauti. Huenda aibu ikamwinua."

Makamu akafungua furushi moja, upinde. Akafungua la pili, podo la mishale. La tatu, ngao ndogo. Akakohoa. "Daktari, kwa heshima zote. Hapa kwangu hakuna upanga."

Nilimwona shemeji yangu anakaa na hilo neno. Dada akaweka sinia chini, akazunguka kiti, akasimama mbele ya meza mahali wanaposimama walioaibika.

"Mwenyewe ni mume wangu," akasema, na sauti yake ikafika hadi nyuma. "Nitampokelea mimi." Akanyoosha mikono miwili, akachukua vipande. "Asante."

Dada akamwekea kipande cha mpini juu ya meza. "Vua glavu, Daktari. Uuage."

Alivua ya kulia. Vidole vyake vikapanda kwenye mpini, vikashuka, vikafika mahali fulani chini ya shingo ya upanga vikasimama hapo. Rangi ikamtoka. Nilidhani ataanguka. Nilitaka aanguke, na wakati huo huo nikamhurumia, sijui kwa nini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini unauma vile vile.

Hakuanguka. Nampa sifa hiyo, yule mzee alikuwa na roho ngumu. Alisimama, akauinua ule mpini juu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni wangu. Mimi ndiye niliyeuleta kwenye meza hii. Nimeishi nao miaka yote nikijua ni bandia, na leo nimejihukumu mbele yenu. Jaji asiyeweza kujikata, asikate wenzake."

Lo! Wanaume wale waliruka kwenye viti. Makofi, miluzi, mwenye hoteli akapiga meza kwa ngumi, mfamasia akafuta macho. Kwa mara ya pili alikuwa amekata cha kweli akanunua heshima, na kwa mara ya pili wamemuuzia. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya kura. "Njoo, Daktari," akasema, akaenda kusimama karibu na kiti chekundu. "Njoo ukae mahali pako."

Daktari akanyoosha kiwiko, kama anavyofanya siku zote, Dada aingize mkono. Dada alikuwa ameshasogea hadi mlangoni. Akanishika mkono na mimi, kwa nguvu, ingawa sikuwa nimejongea.

"Mama watoto," akasema Daktari kwa sauti ya chini.

"Nenda," Dada akamjibu. "Wanakungoja."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Daktari akashusha kiwiko, akanyoosha shati, akaanza kutembea. Alitembea vizuri, kifua mbele, akitabasamia ukuta. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile meza ndefu, akaigonga kwa mapaja, ikainama, na vitu vyote vya kweli vya mwaka ule vikamiminika sakafuni. Naye akaenda navyo.

Makofi yakakatika moja moja. Hakuna aliyeelewa bado. Angeweza kusema kizunguzungu, angeweza kusema moyo, wangemwamini. Lakini alikuwa ameshazoea kuamua, hakuweza kukaa na kitu asichokitolea neno. Alipiga magoti, akaanza kuokota, glavu mkono mmoja, na kusema kwa sauti, ili wajue anaona. "Mkuki," akasema, akiupandisha. "Wa kweli. Rungu, la kweli, lile la mwanzo." Kila alichogusa alikipatia. Akatambaa akiokota mpaka kwenye kona ya fundi. Mkono wake wa glavu ukakuta mpini mrefu wa mti, akauinua, akaupima uzito juu ya kiganja, mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Mkuki mwingine," akasema. "Umepoteza ncha, lakini mti wake ni wa kale sana. Wa kweli."

Ulikuwa ufagio wa fundi. Aliuinua juu tuuone sote, majani yake yamemning'inia karibu na sikio.

Mfamasia ndiye aliyeanza, kicheko kilimponyoka kama chafya. Kisha mwenye hoteli, kwa raha ya mtu aliyekatiwa jambia. Kisha wote. Walicheka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaegemea mlango, na nilipoona anageuza uso huku na huku akitafuta wanacheka nini, nilizidi. Dada hakucheka. Mwenyekiti akaja, akachuchumaa mbele yake, akapitisha mkono polepole mbele ya macho yake, kwenda na kurudi. Halafu akainuka, akachukua kitambaa chekundu kwenye kile kiti, akakikunja. Akasema kikao kimefungwa.

Makamu ndiye aliyemleta hadi kwenye gari kwa kumshika mkono wa shati, akarudi ndani haraka bila kuaga. Daktari akakaa nyuma, Dada pembeni yake. Vumbi la chuma lilikuwa limemshika kwenye nyusi. Nikawasha gari nikaliacha lingurume.

"Walicheka nini?" akauliza.

"Furaha," akasema Dada.

Akafikiri. "Nilianguka vibaya."

"Hata. Uliinuka vizuri."

"Na kiti?"

"Wamekuwekea. Mwenyekiti alisema watakileta nyumbani."

Nilimtazama kwenye kioo. Uso wa Dada haukuwa na hasira wala huruma. Alikuwa akimfuta zile nyusi kwa pembe ya khanga, taratibu, kama anavyofanya mtu mwenye muda mwingi mbele yake. Ndipo nikaelewa kwamba hamwachi, na kwamba kuachwa kungekuwa nafuu.

"Wametoka nje kutuaga?" Daktari akauliza.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Uani hapakuwa na mtu ila kijana wa duka akiegemeza magodoro ukutani.

"Wote," akasema Dada. "Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wanakupungia."

"Kweli, shemeji?" Sasa aliniuliza mimi. Macho yale maangavu yalikuwa yamenielekea moja kwa moja. "Wanapunga?"

Dada hakunitazama. Aliendelea kufuta.

"Kweli," nikasema. "Wanapunga."

Akashusha kioo, akatoa mkono nje, akawapungia. Nikatia gia, tukaondoka polepole, naye akaendelea kupunga mpaka tulipofika barabarani.